Neno Ambalo Yuma Hasemi Tena

Ukifika mahali Yuma wa Sudi anapofanya kazi, hapa Lubumbashi, tega sikio. Waongozaji wengine wakitaka kusimamisha mchezo wanasema "Coupez", au kwa lugha yetu, "Kata". Yuma anasema "Tosha". Amesema hivyo katika michezo kumi na mmoja ya televisheni, na wanaojifunza kwake wanadhani ni ufundi mkubwa. Si ufundi. Ni woga. Mimi ni mjomba wake, nilikuwepo siku woga ulipomwingia, na kama si mimi leo mngekuwa na fundi cherehani mwingine tu.

Yuma ni mtoto wa mtaa wa Kamalondo, wa nyumba ya watu wa Maniema. Baba yake, Mzee Sudi, alikuwa na duka la ushonaji, na tai zilipokatazwa, kila mkubwa akataka abakosti, koti la kuvaliwa bila tai, na wateja wakawa wanangoja barabarani. Yuma alikuwa anapima mabega ya mtu huku akimwuliza ni nani aliyemwudhi asubuhi ile. Nguo ilikuwa inachelewa, lakini mteja aliondoka amesimulia maisha yake yote.

Mwaka wa sabini na nne mwalimu mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao alimwachia kamera ya filamu kwa suti mbili. Ilikuwa ya kuvuta springi kama saa ya mezani: inatembea nusu dakika, halafu inalala. Toka siku ile Yuma hakuwa mtu wa kushona tena, na wala hakuwa mtumishi wa kituo cha televisheni, wala wa Gécamines, kampuni ya shaba, wala wa mtu yeyote. Hilo ndilo lililomtia baba yake homa. Katika mji huu, mwana asiye na mkubwa wa kazi ni kama suruali isiyo na mkanda.

Mzee Sudi akamwambia: fanya mchezo mmoja. Ukionekana kwenye televisheni, endelea na kamera yako. Usipoonekana, kiti chako kiko hapa dukani, na kamera inaingia sandukuni. Yuma akakubali. Kwenye kituo, citoyen Kalaba, aliyekuwa anachagua michezo (siku hizo sote tuliitana citoyen, yaani raia; sisi tulimjua kama Alexis, kabla majina ya Kizungu hayajatupwa), akasema ataangalia kazi ikiisha, si kabla.

Tukaichezea uani kwangu. Ilikuwa hadithi ya ndugu wawili wa kike wanaogombania kitenge cha marehemu mama yao. Shangazi anachukua mkasi, anauweka kwenye ukingo wa kitambaa kuwatisha. Mdogo anasalimu amri, kitenge kinabaki kwa mkubwa, mdogo anaondoka na begi lake akilia. Kitenge chenyewe, waksi ya Uholanzi ya bei ghali, tulikiazima kwa Mama Mujinga, mfanyabiashara Mkasai wa sokoni, naye akakaa pembeni kukilinda kama polisi. Mimi nilishika bati la kurudishia jua. Ile nuru usoni mwa wasichana ni yangu.

Aliyecheza shangazi alikuwa Mama Zabibu. Ndiye aliyekuwa mkata vitambaa wa Mzee Sudi kwa miaka ishirini. Hakuwahi kuingia shule hata kuchungulia, ndiyo maana Yuma akaacha "Coupez" ya Kifaransa siku ile, ili mama wa watu asichanganyikiwe.

Springi ikavutwa. Wasichana wakagombana vizuri. Mama Zabibu akanyanyua mkasi, akauweka kwenye ukingo, akasubiri. Uzuri wa uigizaji wake ulinifanya nishushe bati kidogo.

"Kata," Yuma akasema.

Miaka ishirini dukani, neno hilo lina maana moja. Mama Zabibu alikata. Alikata kwa mstari ulionyooka, toka mwanzo mpaka mwisho, kitenge kikawa vipande viwili. Wasichana walibaki midomo wazi. Kidole cha Yuma kiliganda kwenye kamera, nayo ikaendelea kutembea mpaka ikalala yenyewe.

Mama Mujinga alisimama polepole. "Yuma, minakuazima kitenge kimoya, unanirudishia vipande mbili?"

"Si alisema kata?" Mama Zabibu akajibu. "Minakata."

Yuma akakaa chini. Kitenge kingine hakikuwepo, na filamu ilibaki ya nusu dakika tu. Akasema ndiyo basi, kesho anarudi kwenye cherehani. Mimi nikamwuliza ni nani kwenye televisheni anayejua alichotaka yeye. Hakunisikia. Mama Zabibu ndiye aliyemwinamia, vipande viwili mkononi, akamwuliza kama alivyokuwa akimwuliza kila asubuhi dukani:

"Sasa tunashona nini?"

Yuma akavipokea vile vipande. Halafu akacheka. Akamwendea Mama Mujinga, akamwambia atavaa nguo ambayo mji mzima utaijua, yeye na binti yake.

Mama Mujinga akavikagua vipande. "Basi mikono ikuwe mikubwa."

Siku iliyofuata Yuma alishona blauzi mbili kwa cherehani ya mke wangu, na nusu dakika ya mwisho ikaliwa na ndugu wawili wakitoka getini bega kwa bega, kila mmoja na nusu ya mama yake mwilini.

Filamu ilienda Ulaya kuoshwa, ikakaa miezi mitatu. Iliporudi, citoyen Kalaba aliitazama mpaka mwisho, akauliza wasichana walifundishwaje kushangaa namna ile. Yuma akafungua mdomo aseme ukweli. Nikamkanyaga mguu.

Ilionyeshwa Jumamosi jioni, sauti zimetiwa studioni. Kwa jirani mwenye televisheni watu walijaa mpaka dirishani. Mkasi ulipopita kitambaani nyumba nzima iliguna, na Mama Mujinga akawa anawaambia watu kile ni kitenge chake. Mzee Sudi alikuwa amesema haji. Nilimwona nyuma ya wote, amesimama, kofia mkononi.

Jumatatu Yuma alipitia dukani, kwa mazoea. Kwenye kiti chake alikaa fundi mwingine, Amadi, anashona mfuko wa abakosti. Mzee Sudi hakuinua kichwa.

"Unatafuta nini hapa?" akasema. "Kiti iko na muntu."