Ni Mahindi Tu, Bosi

Punje za mahindi zikianguka kwenye karai, mpaka leo huacha ninachofanya na kumtafuta mbwa kwa macho, ingawa mbwa mwenyewe alikufa zamani. Alikuwa wetu, kule nyumbani karibu na Merigi, na aliitwa Bosi. Siku za kawaida jina hilo lilimfaa kabisa. Wachuuzi walisimama langoni wakabisha hodi kwa adabu, na mimi, mtoto mwoga kuliko wote darasani, nilikwenda shule kifua mbele kwa kuwa alinisindikiza mpaka kwenye lami. Nilimpenda mno.

Lakini mvua ya mawe ikianza kupiga mabati, ubosi wote ulimtoka. Alihema, alikojoa hapo alipo, kisha alitoboa ua na kukimbia bila kujua aendako. Na kwetu mvua ya mawe si mgeni. Mara ya mwisho Baba alimkuta amelala kando ya barabara, miguu imechubuka, lori la majani chai limemkosa kidogo tu.

Jioni hiyo Baba alisema neno lililoninyima usingizi.

"Mama Chelangat, huyu mbwa nampeleka Soin kwa ndugu yangu. Huko ni joto, mvua ya mawe wanaisikia kwa watu tu. Hapa atagongwa."

Chelangat ni mimi. Nilimtazama Mama, naye akaendelea kupukuchua mahindi, maana ulikuwa wakati wa mavuno. Punje moja ilimponyoka ikagonga debe tupu. Bosi, aliyekuwa mlangoni, akalaza masikio kana kwamba mvua ya mawe imeanza. Mama akamtazama mbwa, akatazama debe, akaangusha punje nyingine makusudi.

"Wacha tumalize mahindi kwanza," alimwambia Baba. "Akishindwa, utampeleka."

Kesho yake alilaza bati kuukuu juu ya mawe kule nyuma ya zizi, akanipa kikombe cha mahindi. Kazi yangu ilikuwa kuangusha punje moja moja. Yeye alikaa mbali, karibu na jikoni, akimlisha Bosi vipande vya ugali vilivyochovywa kwenye mursik, maziwa yetu ya kibuyu ambayo sisi watoto tulipimiwa. Punje ikilia, kipande kinaingia mdomoni. Bosi akilaza masikio, Mama aliinua mkono nami nikaacha. Hakumkemea wala hakumbembeleza. Mimi nilipokimbia kumkumbatia, alinirudisha.

"Usimwonee huruma usoni," aliniambia. "Yeye anasoma uso wako. Akiona umeogopa, atajua kweli kuna kitu."

Tulifanya hivyo kila jioni baada ya kuchuma majani ya chai yetu. Polepole bati lilisogezwa karibu, punje zikawa konzi, konzi zikawa kikombe kizima. Siku nyingine tulirudi nyuma kwa sababu Bosi aliamka vibaya, na Mama hakunung'unika hata kidogo. Majirani walicheka wakasema Mama Chelangat anafundisha mbwa kupukuchua. Walionufaika zaidi walikuwa kuku, ambao waliposikia bati tu walikuja mbio kutoka pande zote, wakanenepa bila jasho. Baba alipita akitikisa kichwa, lakini niliona kwamba safari ya Soin haitajwi tena.

Kisha mvua yenyewe ikaja, mchana, tukiwa shambani kwenye chai. Mbingu ziligeuka rangi ya jivu, upepo ukawa baridi ghafla, tukakimbilia ndani. Bosi aliingia nasi. Mawe ya kwanza yalipogonga mabati nilimwona anatazama mlango, nami nilijua akitoka safari hii ndio basi.

Mama alivuta kigoda, akachukua hindi na karai, akaanza kupukuchua. Mikono haikuharakisha. Mvua ilinguruma juu yetu hata hatukusikiana, ila Mama aliinama kwenye sikio la mbwa, nami nilikuwa karibu.

"Ni mahindi tu, Bosi," alisema. "Ni mahindi."

Bosi alitetemeka mwili mzima. Lakini alilala, akaweka kidevu juu ya mguu wa Mama, na hapo akakaa mpaka mvua ikakatika. Nilirukaruka kwa furaha. Nilitoka nje nikiimba, nikikanyaga barafu, na hewa yote ilinuka majani mabichi. Baba alikuwa amesimama pembeni mwa shamba, mikono kiunoni. Mama alimpa Bosi ugali wake, kisha akaenda nyuma ya jikoni akakaa huko muda mrefu. Nilidhani ananawa.

Sasa nina chai yangu mwenyewe, na ninaijua ile harufu. Ni harufu ya michai iliyopasuliwa vipandevipande, ya miezi ambayo hakuna cha kuchuma. Kila jiwe lililogonga paa siku ile lilikuwa linagonga chai yetu pia, karo yetu na unga wetu, na Mama alilijua hilo tangu jiwe la kwanza. Alikuwa na kila sababu ya kulia, ila mbwa alikuwa anamsoma uso. Nami pia nilikuwa namsoma, na nikaona ni mahindi tu.

Siku hizi mawingu yakigeuka jivu, mwanangu hunitazama mimi kabla ya kutazama juu. Basi navuta kigoda, nachukua hindi na karai, naanza kupukuchua.