Digrii na Pini za Mama Pindo

Huyu ndiye Mama Pindo, wifi yangu, fundi aliyeshona magauni ya maharusi wa mtaa mzima na baadaye sare za watoto wao. Huongea na pini mdomoni, na hajameza hata moja. Juzi, nilipompelekea gauni langu, alikuja binti mwenye digrii ya ubunifu wa mavazi, anatafuta kazi. Wifi alifuta mikono, akaisoma digrii hadi mwisho.

“Hongera, mwanangu. Sasa nishonee.”

Binti akashona mkono wa kushoto wa blauzi upande wa kulia. Machozi yakamlengalenga, lakini akafumua mwenyewe, taratibu, bila kuchana kitambaa. Wifi akatema pini.

“Kazi umepata. Anza na gauni la wifi yangu huyu, lipanue kiunoni. Na usimuulize amenenepa lini.”