Lugha ya Baba Sokoni

Wanaosema omba omba ni wavivu hawajawahi kukaa juani kutwa wakinyoosha mkono. Baba yangu, kipofu, aliomba katika soko la Morogoro miaka ile ya Wadachi, yaani Wajerumani. Mimi niliuza mchicha hatua chache kutoka kwake, mwanangu mgongoni.

Omba omba na wezi walikuwa na lugha yao. Baba alisema wapagazi wa misafara ndio walioileta, wakiwasengenya wakubwa wao njiani. Maneno yaligeuzwa, mwisho ukawekwa mwanzo: "nenda" ikawa "ndane". Watoto wa mjini walipoanza kuicheza, omba omba na wezi wakaongeza maneno mengine ya siri. Askari akaitwa "mvua". Niliijua yote, maana nililelewa humo kabla ya kuolewa, na nilikuwa nikiionea haya.

Lugha hiyo ilikuwa na sharti moja: atakayesikia buti kwanza ataje mvua, bila kuuliza nani anakimbia wala kwa nini. Macho ya baba yalikuwa yamekufa lakini masikio yake yalikuwa mazima, hivyo kazi hiyo ikawa yake.

Asubuhi moja mwizi alikwapua jora la kitambaa dukani kwa Mhindi. Baba hakujua habari ya jora wala ya mwizi. Alisikia buti tu, akapaza sauti kama alivyozoea. Mwizi akapotelea upande wa mtoni. Askari wakamkamata baba.

Akida, aliyewekwa na Wadachi kututawala, alihukumu palepale: mshirika wa mwizi, hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Kisha akatangaza kwamba yeyote anayeijua lugha ile atatiwa mnyororoni. Mzee wa umri wa baba haviwezi viboko vile, na soko zima lilijua. Nilitaka kueleza lile sharti, kwamba baba angemwonya hata mbuzi. Lakini ningelielezaje bila kukiri kwamba lugha naijua? Nilisogea hata hivyo. Mtoto akalia, na baba akakitambua kilio.

"Ndane, ngumwana," akasema. Nenda, mwanangu.

Akida akanigeukia. "Wewe mama, unamfahamu mzee huyu?"

Mnyonge hana haki, husema watu, kana kwamba kusema kunapunguza kitu. Baba alikuwa amelazwa kifudifudi, uso ameuelekeza kwangu, akingoja nitakalojibu. Nikasema simfahamu. Nikaona mabega yake yakilegea, kama mtu aliyetua mzigo, na askari akainua kiboko.