Tanuri la Kasungami

Kapya alifanya kazi ya tanuri miaka thelathini na minne. Alistaafu mwaka 1969, miaka miwili baada ya kampuni ya Wabelgiji kuwa mali ya Serikali. Shaba aliyoiona ikimiminwa haina hesabu. Hata hivyo neno moja la msimamizi wake wa zamani lilimkaa moyoni: kwamba kabla ya Wazungu, watu wa hapa hawakujua kuyeyusha shaba hata ya ukubwa wa kiganja.

Babu yake Kapya alikuwa myeyushaji. Lakini wakoloni waliwakataza watu kuchimba kabla Kapya hajazaliwa, na aliyebaki kati ya waliouona moto wa babu ni dada yake mkubwa, Mwaba, wakati huo mtoto wa miaka saba. Kiangazi cha 1974 Mwaba alikuwa ameanza kusahau mambo. Kapya akaamua wajaribu kuyeyusha kama babu, nyumbani kwake Kasungami, pembeni mwa mji, kabla ustadi huo haujazikwa na dada.

Walijenga tanuri la udongo wa kichuguu, urefu wa kifua. Wakalijaza makaa na mawe ya kijani yenye shaba, na wastaafu wenzake wanne wakaja kumsaidia kuvuvia kwa viriba vya ngozi. Walivuvia tangu alfajiri. Saa sita king'ora cha kiwanda kikalia kwa mbali, nao wote watano wakaweka viriba chini na kunyoosha migongo. Moto ukapoa. Walipobomoa tanuri walikuta tope jeusi lililoganda.

"Nani alikuambia uache?" Mwaba akauliza.

"Ni mazoea, yaya," Kapya akamjibu dada yake. "Sirene ililia."

"Bazungu balishaenda, na weye bado unabaitika. Moto ya nkambo, babu yetu, haijue sirene."

"Mama," akasema Godefroid, mmoja wa wale wastaafu, "siye hata kufa tutangoja ilie."

Wakacheka, wote isipokuwa Kapya.

Wiki iliyofuata walijenga jingine. King'ora kilipolia, mikono ya Godefroid ilisita.

"Vuvia," Mwaba akasema taratibu.

Hakuna aliyeacha. Baadaye mwali ukageuka kijani. Mwaba akainuka, akautazama, akaitambua rangi ile.

"Njo ile," akasema. "Toboa."

Kapya akatoboa tanuri chini kwa mti mbichi. Shaba ikatoka, nyembamba, iking'aa, ikaingia katika msalaba ambao Mwaba alikuwa ameuchora mchangani kwa kidole, umbo lile lile la shaba za babu. Kapya akavua kofia, akapiga magoti, akangoja.

Ilipopoa, aliweka kiganja juu yake. Kiganja hakikuifunika.