Udi Kwenye Kanga za Mtoto

Dada yangu mdogo alijifungua miezi mitatu kabla ya wakati. Mtoto, wa kike, alilazwa Mombasa zaidi ya siku mia, na aliporudi Mkomani, nyumbani kwa mama yetu, alirudi na mashine ya oksijeni, mpira mwembamba wa puani, na kipimo cha kufunga mguuni kinachoonyesha kama damu yake inapata hewa ya kutosha.

Mimi ni muuguzi, kwa hivyo kazi ya kueleza ilikuwa yangu. Nilimkuta Mama jikoni akikoroga unga wa mkate wa kumimina.

"Mama, ukiumimina sasa hivi, kabla haujaumuka?"

"Utatoka mgumu, hauna matundu."

"Basi mapafu ya mtoto ndivyo yalivyo. Alitoka kabla hayajaumuka. Na ile mashine iliyompumulia wodini ilimwokoa, lakini iliyaachia makovu."

Mama akaacha kukoroga. "Ndiyo hivyo tena? Mkate ukishaiva hauumuki."

"Huu waumuka. Mapafu ya mtoto huendelea kuota matundu mapya kwa miaka. Kazi yetu ni kumlisha, kumpa hewa, na kutoyaudhi."

"Kwa hivyo hamira ingalimo."

"Ingalimo."

Akaendelea kukoroga, nami nikajipongeza kwa somo zuri. Nikaongeza sharti moja: chetezo cha kufukizia udi kisipande ghorofani anakolala mtoto, kwa sababu moshi ni adui wa mapafu yale, na moto haukai chumba kimoja na oksijeni. Mama alikubali bila ubishi, jambo ambalo lingepaswa kunishtua.

Daktari wa Mombasa alikuwa ametupa wiki tatu. Tuandike vipimo asubuhi, mchana na jioni. Vikitulia, ataturuhusu kupunguza oksijeni. Vikishuka-shuka, mtoto atarudi wodini kuchunguzwa upya. Siku ile nilimwona dada yangu akiusukuma mkoba aliorudi nao kutoka hospitali mpaka mvunguni kabisa, asiuone.

Ijumaa ya kwanza nilipokuja kuwatazama, saa tano asubuhi, kipimo kikashuka kutoka tisini na tano hadi themanini na nane. Nikaongeza oksijeni kidogo kama tulivyoelekezwa. Alasiri kikapanda. Nikasema kipimo kimelegea mguuni.

Ijumaa ya pili, hivyo hivyo. Nikaosha kichujio cha mashine, nikabadilisha mpira, nikalaumu stima. Daktari, nilipompigia, alisema, "Ikitokea tena, mleteni." Dada yangu aliisikia sauti yake kwenye simu. Akauvuta mkoba kutoka mvunguni, akaanza kukunja nguo.

"Ngoja kwanza," nikamwambia.

"Ningoje nini? Wewe mwenyewe hujui."

Ilikuwa kweli. Nilimwinua mtoto begani ili nisikilize pumzi yake, uso wangu ukagusa kanga aliyofungiwa. Harufu ya udi ilinipiga puani.

Nikashuka chini. Uani, Mama alikuwa amekifunika chetezo kwa tenga, na juu ya tenga ametandaza kanzu za wanaume za kuendea msikitini. Pembeni, zimekunjwa vizuri, kanga tatu ndogo.

"Mama! Tulisemaje?"

"Tulisema chetezo kisipande. Kimepanda? Kiko hapa."

"Lakini moshi umepanda ndani ya kanga! Hukaa kwenye kitambaa, mtoto huuvuta kidogo kidogo. Ndia zake za hewa ni nyembamba kama uzi, zikivimba kidogo tu zinaziba."

Mama alinitazama kutoka ukaya wa kichwani hadi viatuni. "Ndoo hapa," akaniita. Nikasogea. Akalishika buibui langu, akalinusa. "Na hili? Kila Ijumaa waja hapa wanuka udi tangu mlangoni, wamwinua mwana, wamlaza kifuani. Mimi nina kanga tatu. Wewe ni chetezo kizima chenye miguu!"

Dada yangu, aliyekuwa ngazini, alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu ajifungue. Nilikuwa nimeeleza habari za moto na moshi, lakini harufu sikuitaja, kwa kuwa kwetu sisi harufu ya udi si moshi. Ni usafi. Nami asubuhi ile nilikuwa nimejifukiza kama kawaida, bila kufikiri.

Mama aliketi juu ya kibao. Sauti ilimshuka.

"Arubaini yake ilipita huko. Hakufukizwa hata siku moja. Amekuja ananuka dawa, kama mwana asiye na wenyewe. Nilitaka tu anuke kwao."

Niliketi karibu naye. Nikamwambia hakuna mtoto Mkomani nzima mwenye wenyewe kama huyu, na kwamba udi wake utamngoja mpaka mapafu yaumuke. Mama alikishika chetezo kwa mkono wake, akakitoa nje hadi kwa jirani, kanzu begani, na aliporudi alizifua kanga zote kwa sabuni ya kipande akazianika juu darini, juani. Kikopo cha udi akakiweka kwenye kidaka cha juu kabisa ukutani, mahali asipofika bila kiti.

Nilimpigia daktari nikamweleza yote, pamoja na buibui langu. Alitupa Ijumaa moja zaidi.

Ijumaa hiyo nilifika saa nne, nimeoga, nimevaa buibui lililofuliwa. Mama alikuwa ameketi dakani, mbele ya mlango, kama askari. Akaninusa bega, akaninusa mikono.

"Sabuni gani hiyo?"

"Ya kuogea, Mama."

"Yanuka maua. Kaa hapo hapo."

Nikakaa, muuguzi wa miaka mingi, nje ya mlango wa mamangu. Saa tano ikapita. Saa sita kasoro, dada yangu alichungulia kutoka dirisha la juu.

"Tisini na tano!" akasema. "Na amelala."

"Mwambie daktari," Mama akamjibu, kisha akanigeukia. "Wewe nenda kaoge tena, urudi tule. Mkate uko motoni."