Neno la Kabula

Juzi jioni binti yangu alikuwa akiosha vyombo uani, hapa kwetu Malangali, nikamsikia akirudiarudia neno moja: bilauri, bilauri, bilauri. Hakuwa na haja ya bilauri. Sisi tunanywea vikombe vya plastiki. Alikuwa analimung'unya tu kama pipi. Mara alivute, mara alikate katikati, mara ainamie sufuria tupu alisemee humo ili limrudie limenenepa. Nilisimama mlangoni nikicheka peke yangu. Aliponiona akaniuliza, "Mama, wewe neno lako tamu kuliko yote ni lipi?" Nikamjibu haraka kwamba ni mnyororo, kisha nikaingia ndani kana kwamba nimesahau kitu jikoni.

Nilimdanganya. Mnyororo ni neno tamu, sikatai. Linaanza na midomo imefungwa, halafu ulimi unateleza, halafu linabiringika mpaka mwisho. Lakini silo. Neno lenyewe siwezi kumtajia yeye wala mtu mwingine, na sababu yake sijawahi kuisema. Leo nitaisema, maana nimeshakuwa mtu mzima wa kutosha kuona aibu yangu bila kukimbia.

Nilikulia Izia, upande ule ambao nyumba zinaisha na mashamba yanaanza. Nilikuwa mtoto wa maneno. Wenzangu walikusanya vizibo vya soda, mimi nilikusanya maneno. Sikujali sana maana yake. Nililipenda kiwiliwili kwa vile linavyochekesha ulimi, nikalipenda gubigubi kwa sababu ukilisema chini ya blanketi unasikia joto zaidi, na kwetu Ufipa, upepo wa mwezi wa sita unapovuma, joto si jambo la kudharau. Kanisani, padri alipokuwa akihubiri, nilisubiri tu aseme maghufira. Mama aliniona nimetulia akidhani nitakuja kuwa sista.

Kisha akaja Kabula. Baba yake alihamia na ng'ombe kutoka Usukumani, akajenga boma ng'ambo ya kijito, mkabala na shamba la bibi yangu. Mama yake Kabula alifariki kabla hawajafika kwetu. Shuleni walimkalisha dawati langu kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kukaa nami. Nilikuwa nanong'ona maneno muda wote na kuwaudhi watu. Siku ya kwanza alinisikiliza kimya. Siku ya pili aliniuliza kama nina mengine.

Mimi ndiye niliyeanzisha mchezo wa kuazimana. Masharti niliyatunga mwenyewe na nilijivunia ukali wake. Neno ukimwazima mwenzako linakuwa lake. Wewe huruhusiwi kulitamka mpaka alirudishe. Yeye naye haruhusiwi kumpa mtu wa tatu. Kurudisha kunafanyika ana kwa ana: mwenye neno anatega sikio, aliyeazima analinong'oneza humo, basi, deni limekwisha.

Tulicheka sana kwa ajili ya mchezo huo. Kabula aliniazima mwangaluka, salamu yao ya asubuhi, nikaenda nayo nyumbani nikiwaamkia kuku. Kumbe kwao mtoto asiyemwamkia baba yake asubuhi ni mtoto mwenye kiburi. Kwa siku mbili alipita mbele ya mzee midomo imefungwa, na siku ya tatu alikuja shuleni mbio kulidai neno lake kabla kengele haijalia. Mimi nilimwazima ntumba. Wafipa wanajua: ni yale matuta ya duara tunayoyainua mwisho wa masika, majani yakiwa yamefukiwa ndani yaoze, juu yanapandwa maharage, na msimu unaofuata matuta yanasambazwa ili udongo ule mtamu upokee ulezi. Basi mama akaniuliza bibi yuko wapi, naye yuko kwenye matuta hayo, nami nikabaki nachora duara hewani kwa mikono. Mama alidhani nimeugua.

Lakini nilikuwa mkali, na hilo lazima niliseme. Siku moja mwalimu alimsimamisha Kabula asome kwa sauti, na kwenye kitabu likatokea neno ambalo wakati huo alikuwa ameniazima. Alilisoma. Sikumsemesha siku mbili. Tulikaa dawati moja nimempa kisogo. Aliniomba radhi akilia, na tangu hapo sikumsikia tena akivunja sharti. Alipokutana na neno lililoazimwa kitabuni alinyamaza, mwalimu akamwambia asimame mpaka kipindi kiishe, naye akasimama. Mimi niliona raha. Nilidhani huo ndio urafiki.

Neno ninalolizungumzia leo lilikuwa la mama yake. Halikuwa Kisukuma wala Kiswahili. Mama yake alilitunga siku ndama mmoja jike alipozaliwa, akawa anamwita kwa neno hilo peke yake. Ndama akakua, akawa ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja iliyoinama, na akawa kiongozi wa kundi. Anakoelekea yeye ndiko wote walikoelekea. Kabula alipolitamka jioni ukingoni mwa kijito, ng'ombe yule aliacha nyasi alizokuwa anatafuna akaja moja kwa moja. Mimi nilikuwa ng'ambo, nina ndoo kichwani, na nilisahau kwamba maji yananimwagikia shingoni. Lilikuwa na hatua nne. Lilianzia puani, likashuka kooni, na mwisho likafunguka na kwenda mbali sana juu ya majani, maana uwanda wetu hauna miti mingi ya kuizuia sauti.

Nilimwomba wiki nzima. Alikataa, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kunikatalia kitu. Nikamwambia nitampa mnyororo, kiwiliwili na maghufira, vyote kwa pamoja. Akakataa. Mwishowe nikamwambia, kwa sauti ile ya kisogo, kwamba kama hataki basi atafute rafiki mwingine. Kisha akaniinamia sikioni akaninong'oneza, akasema, "Mpaka Jumapili tu, Sesilia. Nikija kanisani kwenu unirudishie." Ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa baada ya shule mama alinituma shambani kwa bibi nikachume majani ya maboga. Bibi mwenyewe alikuwa amekwenda mjini zahanati kwa ajili ya miguu yake. Alikuwa mjane, na ntumba zile zilikuwa zimelimwa na majirani walioitwa kwa pombe ya ulezi, siku nzima, jembe kwa jembe. Shamba lote lilikuwa limejaa matuta, maharage juu yake yameanza kutoa maua. Nilipanda juu ya tuta moja. Ng'ambo ya kijito, mtelemkoni, ng'ombe wa kina Kabula walikuwa wanakula, na Kabula alikuwa ameketi mbali kidogo ameshika fimbo yake.

Sikuwa na nia mbaya. Nimejiuliza mara nyingi, na jibu ni hilohilo. Neno lile nilikuwa nimelisema kwa siku moja na nusu chini ya blanketi tu, na nilitaka kulisikia nje, kwenye upepo, likienda linakotaka kwenda. Nikaliita. Ng'ombe mwekundu akainua kichwa. Hapo ningenyamaza, mambo yangeishia hapo. Lakini lilikuwa tamu mno mdomoni, nikaliita tena, na tena.

Akaja, na kundi lote nyuma yake. Walivuka kijito wakaingia kwenye ntumba za bibi, na ng'ombe ukimwingiza kwenye matuta ya mviringo hapiti katikati. Anapanda, anateleza, anabomoa. Nikashuka nikakimbilia kwenye mahindi ya jirani nikajificha. Kabula alikuja mbio, akapiga mluzi, akatupa madongoa, akapiga kelele za kila namna. Ng'ombe yule hakumsikiliza. Alikuwa ameitwa, na alikuwa anamtafuta aliyemwita.

Kabula akasimama. Nilimwona vizuri kupitia majani ya mahindi. Alifungua mdomo wake, na nilijua anataka kusema nini, nikajua pia kwamba akilisema ng'ombe atageuka. Akaufunga. Akaufungua tena, akaufunga, akaanza kulia huku akiendelea kuwapiga kwa fimbo. Mimi ningeweza kutoka pale na kumwambia nimekurudishia, lichukue. Ni neno moja tu la kusema. Nilikaa kwenye mahindi mpaka watu wakaanza kuja.

Kesho yake wazee walikaa uani kwa bibi. Kulikuwa na hasira, na sehemu ya hasira hiyo ilikuwepo hata kabla ya maharage. Watu walikuwa wakisema tangu mwanzo kwamba wafugaji hawana mipaka. Baba yake Kabula alisimama kofia mkononi, akawaamkia wote shikamoo moja moja, hata walio wadogo kwake. Kisha akamgeukia mtoto wake mbele ya watu akamuuliza ilikuwaje.

"Nilisinzia, baba," Kabula alisema.

Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka, nami nimesimama nyuma yake. Akanigeukia taratibu, kwa sababu alikuwa anajua nilitumwa shambani. "Na wewe mjukuu wangu, uliona nini?"

"Sikuona kitu, bibi."

Kabula hakuniangalia. Wazee wakaamua kwamba ng'ombe waondoke, wateremke kule bondeni upande wa Ilemba ambako kulikuwa na nafasi ya malisho. Mzee hakubisha. Walipewa siku chache, na Jumapili yenyewe, siku ya ahadi yetu, nilijifanya nina homa ili nisiende kanisani.

Asubuhi waliyoondoka nilikuwa kijitoni nachota maji. Kundi lilipita karibu kabisa, ng'ombe mwekundu mbele, baba yake Kabula kando, Kabula mwenyewe nyuma na kirobota kichwani. Aliponifikia alisimama. Aliinamisha kichwa upande mmoja, akatega sikio.

Nilijua maana yake. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angejua maana yake isipokuwa mimi. Lakini baba yake alikuwa amegeuka anatutazama, na jirani mmoja alikuwa anakuja na ndoo, na nikaogopa kwamba wataniuliza nimemnong'oneza nini. Nikainama nikaanza kufunga kata ya majani ya kichwani, ambayo ilikuwa imeshafungwa. Nilifunga na kufungua mpaka sikusikia tena kwato. Nilipoinuka walikuwa wamefika mbali, na ninakumbuka kwamba alikuwa bado anageuka nyuma.

Msimu ule bibi alinichukua kila jioni baada ya shule tukainua upya ntumba zake, moja baada ya nyingine, yeye na miguu yake mibovu na mimi na jembe lililonizidi urefu. Hakuwaita majirani. Nilidhani ananifundisha kazi. Bibi alishafariki, Mungu amrehemu, na ni baada ya mazishi ndipo mama aliponiambia kwamba bibi aliwahi kumwonyesha alama za kandambili za mtoto juu ya tuta moja lililosalia zima. Sijui aliziona kabla ya kikao cha wazee au baada yake. Ningependa iwe baada.

Nikiwa mtoto niliamini kwamba kosa langu lilikuwa kuwaita ng'ombe. Baadaye nikaamini kwamba lilikuwa kuficha ukweli kikaoni, na hilo ni kweli: sikuhitaji hata kutunga uongo mkubwa, kwa sababu watu walikuwa na jibu lao tayari, mimi niliwaachia tu. Lakini siku hizi, nikimsikia binti yangu akicheza na bilauri yake, linaloniuma zaidi ni lile la kijitoni. Mimi nilidhani tunaazimana sauti tamu. Kabula alikuwa ameniazima sauti ya mama yake, kitu pekee alichokuwa amebaki nacho kutoka kwake, na aliniazima kwa sababu nilimtishia kumwacha. Ninavyomjua, atakuwa hakulitamka tena. Yule ng'ombe atakuwa alizeeka huko bondeni akiitwa kwa mluzi.

Kila mwaka huwa nateremka Ilemba kununua mchele. Nikiona mwanamke wa rika langu nyuma ya ng'ombe nasimama, namwamkia mwangaluka, natazama kama atainamisha kichwa. Wananijibu vizuri, wananicheka kidogo kwa matamshi yangu, wanapita.

Ndiyo maana neno lenyewe sijaliandika hapa, na msiniombe. Si langu. Nimelitunza lote, hatua zake nne, halijapungua hata kidogo, na wakati mwingine nikiwa peke yangu natamani kulisema kwa sauti, kwa sababu mpaka leo sijasikia tamu kama hilo. Nakaa kimya. Kutompa mtu wa tatu ndilo sharti pekee nililolitimiza, na halimsaidii Kabula kitu.