Mdogo Wangu Akwama Getini

Mimi drafti nimecheza tangu tukiokota visoda vya kuwa kete nje ya kilabu cha pombe ya mbege, huko kwetu Uchagani. Nilikuwa namfunga mdogo wangu wa kiume mpaka analia, anakimbilia kwa mama. Sasa fikiria furaha niliyopata, bibi mzima hapa Karatu, shule nimeishia darasa la pili, kusikia kwamba drafti inachezwa kwa kompyuta, mmoja yuko Moshi na mwenzake yuko Karatu! Weee!

Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili na kitu. Binti yangu alikuwa anawatafutia watalii safari, ofisi yake ndiyo chumba chetu cha mbele. Akafungiwa intaneti: kisahani juu ya bati, na ndani kiboksi chenye vitaa vinavyopepesa, wanakiita ruta. Na mdogo wangu kule Moshi mguu ulishaharibika, gari hapandi tena. Miaka mingi hatujaonana, ni simu tu. Siku moja akapiga, wanawe wamemwekea drafti kwenye kompyuta.

"Dada, njoo nikufunge! Umezeeka wewe, mkono umeota kutu."

"Nije mimi? Nani alimbeba mwenzake mgongoni? Njoo wewe!"

Maana mchezo wenyewe ndivyo ulivyo: mmoja anafungua meza kwake, mwingine anaingia. Binti yangu akasema, "Mama, wewe ingia tu kwa mjomba. Kwake kunaingilika, kwetu kunasumbua."

Nikasema siendi. Mdogo ndiye anamfuata mkubwa. Nikimfuata huyu, atatangaza Moshi nzima!

Basi tukafungua meza yetu kwenye kompyuta kubwa ya ofisini. Nimekaa, mausi mkononi, kete zangu zimepangwa zinang'aa, upande wa pili hakuna mtu. Simuni nasikia, "Dada, umenifungia nje? Nagonga hapa mpaka nimechoka!" Jamani! Mtu wangu yuko mlangoni na simwoni!

Akaingia mkwe wangu, dereva wa watalii, ametoka kreta na vumbi lake hajalikung'uta. Tukamweleza. Akacheka.

"Mama, ruta si ni kama geti la Ngorongoro? Anayetoka hana shida. Anayetaka kuingia aoneshe kibali."

Hapo nikaelewa! Nani wa Karatu hajaona gari limerudishwa getini, wazungu na kamera zao wamenuna?

"Basi mwandikieni kibali mdogo wangu, mnangoja nini?"

Binti akampigia fundi aliyetufungia. Fundi akasema kila mchezo una namba ya mlango wake. Iandikwe ndani ya ruta, halafu iandikwe mgeni apelekwe kompyuta gani. Binti akaandika, ulimi nje kama anatunga sindano. Tukapiga simu Moshi: haya, njoo!

Upande wa pili bado mtupu.

"Dada, utani huu sasa umezidi."

Binti akarudi kuangalia, mara akajipiga paji la uso. "Mama! Nimemwelekeza kwenye laptop yangu!"

Laptop iko chumbani kwao, imezimwa, imelala kwenye mto.

"Yaani mgeni wangu umemwingiza chumbani kwako na wenyewe hampo?"

Mkwe wangu alicheka mpaka akatoka nje, maana mbele ya mama mkwe kuna vicheko havifai. Binti naye machozi yanamtoka, huku anarekebisha. Mimi nasema fanya haraka, atachoka, atakata simu!

Mara kete nyeusi hizo! Zote, zimejipanga mbele yangu!

"Hodi dada," akasema kwenye simu.

"Karibu! Karibu ndani!"

Nikaruka kitini, mbio jikoni. Mgeni haketi mdomo mkavu. Nikarudi na vikombe viwili vya chai ya maziwa, kimoja nikakiweka pale mbele ya kioo. Binti akaniangalia.

"Mama, hicho cha nani?"

"Mjomba wako amefika, wewe huoni?"

Simu ikalalamika, "Dada, mbona huchezi? Unaogopa?"

"Ngoja nikutilie sukari."



"Vijiko vitatu," akasema.

Mchezo wa kwanza alinifunga. Nilimwachia, mgeni bwana. Wa pili nikamla kete tatu kwa mpigo, nikaingia kingi, na chai yake nikainywa mimi.